Ella Sheppard na Waimbaji wa Yubilei

Ella Sheppard alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Nashville, nchi ya Marekani. Baba yake, Simon, alikuwa amejikomboa utumwani kwa fedha ya jasho lake. Lakini mama yake, Sarah, alikuwa mjakazi bado, na kwa sheria ya nchi ile mtoto wa mjakazi alikuwa mtumwa kama mamaye. Ella angali mdogo sana, bibi mwenye nyumba akaanza kumfundisha kumchongea mama yake. Sarah alipojua hayo alikata tamaa, akambeba mtoto, akashuka kwenda mtoni ili wafe majini wote wawili. Njiani kikongwe mmoja akamzuia, akamwambia kwamba Mungu ana kazi na mtoto huyo, na kwamba siku moja atasimama mbele ya wakuu wa dunia. Sarah akarudi utumwani. Ella mwenyewe aliyaandika hayo katika utu uzima wake.

Simon alitaka kumnunua mkewe, yule bibi akakataa. Akamwuzia mtoto tu, kwa dola 350. Mama akapelekwa mbali, Mississippi. Baadaye Simon alishikwa na madeni, akaogopa wadai wasije wakamkamata binti yake na kumwuza. Maana mtoto aliyenunuliwa na babaye alihesabiwa kuwa mali ya babaye, sawa na farasi au meza. Akakimbia naye mpaka mji wa Cincinnati.

Huko Ella alijifunza kinanda. Mwalimu mmoja Mzungu alikubali kumfundisha kuimba kwa sharti kwamba watu wasijue: aje usiku, tena aingie kwa mlango wa nyuma. Alipata masomo kumi na mawili tu. Mwaka 1866 baba yake akafa, naye akawa mwalimu wa watoto kijijini ili apate kula. Mwaka 1868 akaingia shule ya Fisk, Nashville, akiwa na dola 6 mkononi.

Shule hiyo ilifunguliwa na Wakristo mwaka 1866, kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka utumwani. Nyumba zake zilikuwa za mbao, zilizoachwa na askari baada ya vita, nazo zilikuwa zikioza. Dola za Ella hazikutosha hata mwezi mmoja, basi akawafundisha wengine muziki ili alipe karo. Mtunza fedha wa shule, George White, ndiye aliyefundisha kuimba. Alipoona madeni yamezidi na shule karibu kufungwa, akakata shauri kuwachukua wanafunzi wachache wakaimbe mijini na kukusanya fedha. Wazazi wengi waliogopa. Tarehe 6 Oktoba 1871 wakaondoka. Ella, mwenye miaka ishirini, ndiye aliyepiga kinanda na kuwazoeza wenzake. Watu humsifu White, nao wana haki. Lakini bila binti huyo kwaya isingalisimama.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya taabu. Nguo zao zilikuwa nyepesi na baridi kali. Mara nyingi wenye hoteli waliwafukuza kwa sababu ya rangi yao. Walipokuwa Cincinnati walisikia kwamba mji wa Chicago umeungua. Sadaka waliyopata siku ile haikufika dola 50. Wakaitoa yote kwa walioungua, ingawa wenyewe walikuwa na deni.

Tena palikuwa na jambo zito kuliko njaa. Nyimbo walizoimba mbele ya watu zilikuwa za Wazungu. Nyimbo za baba zao, zile walizoziimba watumwa mashambani na katika sala zao za siri, hawakutaka kuzitoa hadharani. Zilikuwa takatifu kwao, tena ziliwakumbusha aibu ya minyororo. Waliziimba chumbani tu, milango imefungwa. White aliwasihi polepole. Mwezi wa Novemba, mjini Oberlin, wakaziimba mbele ya mkutano wa wachungaji wengi. Mkutano ukanyamaza, na watu wakalia. Tangu hapo nyimbo hizo ndizo zilizoitwa kila mahali.

Siku hizo White alikuwa amewapa jina: Waimbaji wa Yubilei. Katika kitabu cha Walawi, mwaka wa yubilei ni mwaka wa hamsini, ambapo mtumwa hurudi kwao akiwa huru. Jina liliwafaa.

Mwaka 1872 walirudi Nashville na dola 20,000. Mwaka 1873 wakavuka bahari, wakaimba London mbele ya Malkia Victoria. Ella alisimama pale, binti wa mjakazi yule aliyekuwa akienda mtoni. Wakaendelea hata Uholanzi na Ujerumani, wengine wakiugua kwa uchovu, mpaka kundi likavunjika mwaka 1878. Fedha yao yote ilifika kama dola 150,000. Kwa fedha hiyo shule ilijenga nyumba kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1876, nayo ingali imesimama.

Ella alimtafuta mama yake, akampata. Akajenga nyumba Nashville na kumweka humo. Mwaka 1882 aliolewa na George Moore, mchungaji, akaendelea kuwafundisha vijana wa Fisk nyimbo zile. Alifariki mwaka 1914, akazikwa Nashville. Kila tarehe 6 Oktoba waimbaji wa shule huenda makaburini kwa wale wa kwanza, wakaimba.