Janis Joplin na Porsche yake: Rangi iliyofutwa mara mbili na bado ikarudi

Desemba 2015, New York. Ndae moja kuukuu inaingizwa kwa mnada. Ni Porsche 356C ya mwaka wa 1964, ile ya paa la kufunuliwa, injini yake ya silinda nne imekaa nyuma kama ya Volkswagen Beetle. Wenye mnada walikuwa wamekadiria itaenda kwa dola 400,000 hadi 600,000 hivi. Watu wakapandisha, wakapandisha, hadi ikafika dola milioni 1.76. Kwa bei ya dola ya wakati huo, hizo ni karibu shilingi milioni 180 za Kenya.

Na si mbio iliyouzwa pale. Kilichouzwa ni rangi, pamoja na jina la manzi aliyekuwa akiiendesha. Anaitwa Janis Joplin, na siku hiyo alikuwa ameshamaliza miaka 45 tangu aage dunia.

Kama hujawahi kumskia, tulia nikupe stori.

Janis alizaliwa tarehe 19 Januari 1943 huko Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya mafuta. Fathee wake, Seth, alikuwa na kazi Texaco. Nyumbani walikuwa watoto watatu: yeye kifungua mimba, halafu Laura, halafu Michael. Shika hayo majina mawili ya mwisho, yatarudi.

Watu wengi hawajui kwamba kabla ya kuimba, Janis alikuwa mchoraji. Akiwa tineja alishika brashi kwanza, maiki ikaja baadaye. Pia alikuwa anasoma vitabu sana na kusikiliza rekodi za wanamuziki weusi kama Bessie Smith na Lead Belly. Texas ya miaka ya 1950 weusi na weupe walikuwa wametenganishwa kisheria, na yeye alikuwa mzungu aliyesema wazi kwamba huo ubaguzi haufai. Shuleni wakamgeuza kuwa kichekesho. Walimcheka ngozi, walimcheka mwili, wakamtusi kwa kuwapenda weusi.

Chuo Kikuu cha Texas pale Austin hakikuwa afadhali. Kuna waliopendekeza jina lake kwa shindano la kumtafuta mwanamume mwenye sura mbaya zaidi chuoni. Msichana wa miaka 19. Hebu fikiria hiyo ikikupata wewe.

Januari 1963 akahepa. Yeye na rafiki yake Chet Helms walisimama kando ya barabara wakiomba lifti hadi San Francisco. Lakini jiji lilimkaribisha na dawa za kulevya. Kufikia 1965 alikuwa amekonda hadi marafiki wakachanga nauli ya basi arudishwe kwao. Alikaa Port Arthur karibu mwaka mzima, akajaribu kuwa yule binti ambaye mji ulitaka: nywele zimefungwa nyuma, masomo ya kawaida, hakuna pombe. Haikumkaa. Mwaka wa 1966 Helms akamtumia ujumbe kwamba kuna bendi inatafuta mwimbaji. Bendi yenyewe ni Big Brother and the Holding Company. Janis akabeba vitu vyake tena.

Juni 1967 walipanda stejini kwenye tamasha la Monterey, na kufikia jioni hiyo hakuna aliyekuwa anauliza tena yule ni nani. Mwaka uliofuata albamu yao, Cheap Thrills, ikapanda hadi namba moja Marekani. Yule aliyekuwa akichekwa darasani sasa alikuwa ameomoka, na kama wasee wengi wanaoomoka, akaenda kutafuta mchuma.

Alinunua hiyo Porsche ikiwa ya mkono wa pili, mwaka wa 1968, kwa dola 3,500. Ilipoondoka kiwandani ilikuwa ya kijivu. Ilipomfikia ilikuwa nyeupe. Janis hakutaka hiyo wala ile. Alimpa Dave Richards, jamaa aliyekuwa akibeba vyombo vya bendi na pia mchoraji, dola 500, akamwachia gari afanye anavyojua.

Richards akaingia kazi. Alifunika bodi yote kwa michoro, kutoka boneti hadi bampa ya nyuma, na kazi hiyo ikapewa jina la Historia ya Ulimwengu. Kuna sura za wana bendi wa Big Brother. Kuna mabonde ya kaskazini mwa California, vipepeo, jicho la Mungu, na nyota ya kuzaliwa ya Janis, ile ya mbuzi. Wewe uliyekua ukiona nganya za Rongai na Umoja huenda ukasema hii ni kawaida. Lakini hii ni 1968, na ni Porsche. Ni kama kuchukua suti ya harusi ya mzee na kuichora graffiti.

Juu ya michoro Richards alipuliza koti la klia, ile rangi isiyo na rangi inayong'aa kama vanishi. Hilo koti ndilo lililookoa kila kitu.

Mwaka wa 1969, Janis akiwa stejini ukumbi wa Winterland, San Francisco, mwizi akaondoka na gari. Sasa ukiwa umeiba gari ambayo mji mzima unaijua, utaificha wapi? Jamaa akachukua kopo la rangi ya kijivu akaanza kuipuliza juu ya michoro. Gari ilipopatikana, Historia ya Ulimwengu ilikuwa imezikwa. Lakini kwa sababu ya ile klia, kijivu cha mwizi hakikugusa michoro yenyewe. Richards akakibandua taratibu, na sura za wana bendi zikaibuka tena chini yake.

Janis aliendelea kuiendesha kila mahali. Haikuwa gari ya kufunikwa turubai garejini. Akiegesha, mashabiki waliijua, na akirudi alikuta vijikaratasi vimebanwa chini ya waipa. Kuna ngoma yake moja maarufu, Mercedes Benz, ambayo ni utani juu ya watu wanaomwomba Mungu magari ya kifahari. Aliirekodi tarehe 1 Oktoba 1970, bila ala yoyote, sauti tupu, na yeye mwenyewe akiwa ni mtu wa Porsche. Kejeli hiyo alijifanyia mwenyewe.

Mwaka huo kuna jambo lingine alilifanya ambalo halisemwi sana. Bessie Smith, yule mwimbaji aliyemfundisha kwa rekodi, alikufa 1937 na kaburi lake lilikaa miaka 33 bila jiwe. Agosti 1970 jiwe likawekwa, na sehemu ya pesa ilitoka kwa Janis.

Miezi miwili baadaye ikawa zamu yake. Jumapili tarehe 4 Oktoba alikuwa anangojewa studio Los Angeles kumalizia albamu ya Pearl. Hakutokea. Meneja wake wa safari, John Cooke, alifika hoteli ya Landmark na kuona ile Porsche ya rangi rangi imeegeshwa pale nje, kwa hivyo mwenyewe lazima yuko ndani. Alimkuta chumbani ameshaaga. Ilikuwa heroini. Alikuwa na miaka 27. Kwenye wosia alikuwa ameacha dola 2,500 marafiki wafanye sherehe, na wakaifanya. Pearl ilitoka Januari 1971 ikaenda namba moja.

Gari ikabaki.

Kwanza ilikaa kwa meneja wake, Albert Grossman, wageni wake wakiitumia kwa shughuli zao. Halafu ikarudi kwa familia, mikononi mwa Michael, yule kitinda mimba. Jua na mvua zilikuwa zimeila rangi, michoro inabanduka vipande. Michael akafanya kile ambacho fundi yeyote makini angemshauri: aliitengeneza na kuirudishia rangi yake ya kiwandani. Kijivu. Kile mwizi alichojaribu na kushindwa, sasa kilifanywa na mtu aliyempenda.

Nisieleweke vibaya, Michael hakukosea kwa sheria za mchezo huo. Wanaofufua magari ya kale wana neno moja takatifu, nalo ni uasilia. Kila 356 ilikuwa na kadi yake kiwandani, wanaiita Kardex, inayoonyesha namba ya injini, rangi ya bodi na vitambaa vya ndani. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibati kidogo chenye namba ya rangi. Fundi anaanzia hapo. Anakwangua hadi bati tupu, na huko ndiko kuna noma, kwa sababu bodi ya 356 imechomelewa pamoja na sakafu, hakuna mabawa ya kufungua kwa spana. Kutu ikiingia chini, unakata na kuchomelea upya.

Ndani nako ni vilevile. Viti lazima virudi kwa ngozi au ngozi bandia ya aina ileile, mshono uleule, kapeti ileile. Dashibodi ya 356 ni ya bati na kwa kawaida hupakwa rangi ya bodi, kwa hivyo huwezi kubadilisha nje ukasema ndani utashughulikia siku nyingine. Ukimaliza, gari inalingana na kadi. Mnunuzi anafurahi.

Lakini kadi haikumjua Janis. Uasilia wa gari hii ni upi, ule wa wajerumani wa Stuttgart au ule wa dola 500?

Familia ilikaa na swali hilo miaka mingi. Laura alikuwa ameandika kitabu kuhusu dada yake, kikageuzwa mchezo wa kuigiza huko Denver, na hapo miaka ya 1990 wakaamua. Wachoraji wawili wa ukumbi huo wa Denver walipewa kazi ya kuirudisha Historia ya Ulimwengu. Michoro ya Richards ilikuwa imeshakwenda, hakuna klia ingeiokoa mara hii. Ilibidi watumie picha za zamani, wakazisoma kipande kwa kipande: kipepeo hiki kilikaa wapi, sura ile ilitazama upande gani, kivuli kiliishia wapi kwenye mlango. Fikiria unanakili mchoro uliopinda juu ya boneti ukitumia picha bapa. Na wakishindwa, kila shabiki mwenye picha moja ukutani angewaumbua.

Walifaulu. Mwaka wa 1995, mwaka uleule Janis alipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, gari ikapelekwa kwenye jumba hilo huko Cleveland. Ilikaa hapo karibu miaka 20 ikiangaliwa na watu, hadi familia ilipoipeleka mnadani na rangi zake zote. Kwenye kadi ya kiwanda bado ni ya kijivu.