Bakhita: Mtoto aliyetumwa kuchukua mzigo, hakurudi nyumbani

Kila mwaka ifikapo Februari 8, Kanisa Katoliki huadhimisha siku ya kimataifa ya sala na uelewa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Maadhimisho hayo yalianza mwaka 2015. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Josephine Bakhita, mwanamke wa Sudan aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto. Leo tunawasimulia maisha yake, uwe wa dini hii au ile, kwa sababu mbinu iliyomtoa kwao bado inatumika hadi leo.

Alivyochukuliwa

Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, eneo la Darfur, magharibi mwa Sudan. Familia yao haikuwa na shida. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji, walikuwa na mashamba na mifugo. Lakini huzuni ilikuwa imeshaingia: dada yake mkubwa alikuwa ametekwa na wafanyabiashara wa watumwa.

Akiwa na miaka kati ya saba na tisa, alitoka kutembea mashambani na rafiki yake. Wakakutana na wanaume wawili wasiowafahamu. Mmoja alimwomba Bakhita amsaidie kumchukulia mzigo alioacha pembeni ya msitu, na yule rafiki akaambiwa atangulie. Mtoto aliyelelewa kutii wakubwa angefanya nini? Alikwenda. Alipofika msituni walimkamata, wakamtishia kwa kisu na kuondoka naye.

Walipomuuliza jina, hofu ilimziba kinywa. Wakampa jina wao wenyewe: Bakhita, yaani mwenye bahati. Ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo wa neno letu "bahati". Jina alilopewa na wazazi wake alilisahau na hakulikumbuka tena maisha yake yote.

Mkono hadi mkono

Alifungiwa katika chumba chenye giza kwa takriban mwezi mmoja, kisha akauzwa. Aliwahi kutoroka usiku pamoja na msichana mwenzake, lakini mtu waliyekutana naye njiani alijifanya mwema, akawafungia pamoja na kondoo wake na kuwauza upya.

Aliuzwa na kununuliwa mara kadhaa katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Katika nyumba moja alivunja chombo, akapigwa hadi akalala kwenye mkeka zaidi ya mwezi. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa kwa wembe kifuani, tumboni na mkononi, kisha vidonda vikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Alibaki na makovu 114.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa Italia mjini Khartoum. Kwa mara ya kwanza akaishi nyumba asiyopigwa. Vita vya Mahdi vilipousogelea mji, Legnani aliondoka naye, na mwaka 1885 wakafika Italia. Huko akamkabidhi kwa familia ya rafiki yake, Augusto Michieli, ambako Bakhita akawa yaya wa mtoto wao Mimmina.

Siku aliyokataa

Hapa, msikilizaji wetu, tunaomba utulie kidogo. Italia haikutambua utumwa katika sheria zake. Kwa hiyo tangu alipokanyaga nchi ile, Bakhita hakuwa mali ya mtu. Lakini yeye hakujua. Hakuna aliyemwambia, naye aliendelea kutumika katika nyumba ya watu, akisubiri waamue maisha yake.

Mwaka 1888 Bi Michieli alisafiri kwenda Suakin, bandari ya Bahari ya Shamu, ambako mumewe alikuwa na hoteli. Bakhita na Mimmina waliachwa kwa masista Wakanosa mjini Venice. Mwaka uliofuata bibi alirudi kumchukua. Bakhita akakataa kuondoka, ingawa alimpenda sana yule mtoto. Bibi alisisitiza, masista wakasimama upande wa Bakhita, na shauri likafika mbele ya sheria.

Novemba 29, 1889, iliamuliwa kwamba Bakhita hakuwa mtumwa na alikuwa huru kujichagulia maisha. Alikuwa na miaka kama 20. Alichagua kubaki. Januari 9, 1890 alibatizwa kwa jina la Josephine, na mwaka 1896 akaweka nadhiri za usista.

Mwaka 1902 alihamia mji wa Schio, ambako alipika, akadarizi, akatunza sakristia na kupokea wageni mlangoni. Watu wa mji walimpenda kwa upole wake. Aliwasamehe waliomtesa. Hata hivyo, kusamehe hakukufuta yaliyompata. Katika ugonjwa wake wa mwisho alirudi kimawazo utumwani, akimsihi muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50 tangu awe huru. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu.

Yanatuhusu vipi

Siku hizi hatuoni minyororo. Anakuja mtu, mara nyingine ndugu au jirani, akiahidi kumpeleka binti mjini akasome au afanye kazi za ndani. Mwingine anaahidi kazi nzuri Uarabuuni. Akishafika, simu inachukuliwa, pasipoti inafungiwa kabatini, mshahara haulipwi, na anaambiwa ana deni la nauli. Kama Bakhita, wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, na Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 2010.

Kwa hiyo, kabla mtoto hajapanda basi, mzazi uliza: anakwenda nyumba ya nani, mtaa gani, na namba ya simu ya nani? Piga mwenyewe, uzungumze na mwenye nyumba. Kama ni nje ya nchi, omba mkataba, uusome au usomewe na mtu unayemwamini, na baki na nakala ya pasipoti. Panga na binti yako neno moja la siri atakalolitaja kwenye simu akiwa hatarini. Ukiona mtoto anatumikishwa, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, polisi, au piga 116 bila malipo.

Wazazi wa Bakhita hawakupata nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.