Nusrat Fateh Ali Khan: Mrithi wa kauli

WAHENGA walisema maji hufuata mkondo. Msemo huu ulitimia katika nyumba moja ya mji wa Lyallpur, ambao siku hizi waitwa Faisalabad, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan. Mwenye nyumba hiyo, Ustadh Fateh Ali Khan, alikuwa mwimbaji mashuhuri, na wazee wake wote waliomtangulia walikuwa waimbaji. Lakini mwenyewe alikuwa amekata shauri kwamba mwanawe asiifuate kazi hiyo, bali asome awe daktari.

Mtoto huyo, aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba, 1948, ndiye aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Nusrat Fateh Ali Khan. Hapo kwanza aliitwa Pervez. Husimuliwa kwamba sheikh mmoja aliyewazuru wazazi wake ndiye aliyeshauri abadilishwe jina, akapewa hilo la Nusrat, ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa, kwani ndiyo hiyo nusura tunayomwomba Mola kila siku.

Jamaa zake walikuwa wenyeji wa Jalandhar, mji uliobaki upande wa India wakati nchi ilipogawanywa mwaka wa 1947. Wao, kama mamilioni ya Waislamu wengine, waliacha nyumba na makaburi ya wazee wao, wakahamia Pakistan. Mali haikuwezekana kubebwa yote. Walichokibeba bila kupunguza ni uimbaji wa kawali, ambao ukoo huo husema umeurithishana kwa muda wa miaka 600 hivi.

Neno kawali latokana na lile neno la Kiarabu lililotupa sisi kauli. Mwimbaji wa kawali, basi, ni msema kauli. Kazi yake ni kuwafikishia watu maneno ya mawalii na washairi wa Kisufi, hasa katika ziara na hauli za mashekhe wa tarika ya Chishti. Huanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu, akafuatia sifa za Mtume (S.A.W.), kisha akawataja Sayyidna Ali na mawalii. Wenye fani hii humtaja Amir Khusrau wa Delhi, aliyefariki mwaka wa 1325, kuwa ndiye mwanzilishi wao.

Vyombo vyake si vigeni kwa wapenzi wa tarabu: hamoniamu, yaani kile kinanda cha kuvutwa hewa kwa mkono, na tabla, pamoja na makofi ya waitikiaji waliokaa kitako. Na kama vile matari ya maulidi yalivyozusha ubishi huko Lamu katika zama za Habib Saleh, ndivyo na huko Bara Hindi wanazuoni wasivyoafikiana juu ya ngoma na vinanda katika kumtaja Mola. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwani ndilo lililokuja kumkabili Nusrat ukubwani.

ARUBAINI YA BABA

Sababu ya Ustadh Fateh Ali Khan kumkataza mwanawe ilikuwa ya kidunia. Aliona waimbaji wanasifiwa usiku na kudharauliwa mchana, naye akamtakia mtoto heshima iliyo imara zaidi. Lakini alipokuwa akiwasomesha wanafunzi wake, kijana alikuwa akisikiliza kwa siri, kisha akijifundisha peke yake. Mzee alipogundua, aliona hana la kuzuia tena. Akaanza kumfundisha, kwanza tabla, kisha sauti.

Masomo hayo hayakwenda mbali. Mwaka wa 1964 baba alifariki, na Nusrat alikuwa angali kijana wa miaka kumi na mitano. Husimuliwa kwamba katika siku zile za msiba alimwota baba yake akimgusa koo na kumwamuru aimbe, naye akazindukana huku akiimba. Ilipofika arubaini ya mzee, kijana aliketi mbele ya watu akaimba hadharani kwa mara ya kwanza.

Ami zake, Mubarak Ali Khan na Salamat Ali Khan, waliendelea kumnoa. Mubarak Ali alipofariki mwaka wa 1971, uongozi wa kundi la ukoo ulimwangukia Nusrat. Alikuwa na sauti iliyoweza kupanda juu kupita kiasi bila kupasuka, na mbio za kuchezea noti ambazo waimbaji wengine walishindwa kuzifuata. Mdogo wake, Farrukh, alikuwa ubavuni mwake akipiga hamoniamu na kupokea sauti.

Kanda zake zilienea Pakistan, kisha zikavuka bahari. Kampuni ya Oriental Star Agencies ya Birmingham iliziuza kwa wahamiaji wa Kiasia walioko Uingereza. Mwaka wa 1985 aliimba katika tamasha la WOMAD kwenye kisiwa cha Mersea, Uingereza, mbele ya Wazungu ambao wengi wao hawakujua hata neno moja la Kiurdu wala Kipunjabi. Mwimbaji Peter Gabriel, mmoja wa waanzilishi wa tamasha hilo, baadaye alimkaribisha katika kampuni yake ya santuri iitwayo Real World, na mwaka wa 1989 ikatoka santuri ya kawali halisi, Shahen-Shah, aliyoiimba na kundi lake.

SANTURI YA PEKE YAKE

Hatua iliyofuata ndiyo iliyowagawanya wapenzi wake. Katika studio za Real World, kwenye kijiji cha Box, Nusrat alikutanishwa na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Safari hii hakukuwa na safu nzima ya waitikiaji nyuma yake. Palikuwapo gitaa, besi na mitambo ya umeme, na wachache tu wa jamaa zake. Kawali ambayo nyumbani huweza kuchukua nusu saa au zaidi ilifupishwa ikawa wimbo wa dakika tano au sita. Santuri hiyo, Mustt Mustt, ilitoka mwaka wa 1990, na juu ya jalada likaandikwa jina lake peke yake.

Jambo la kutazamwa ni hili: isipokuwa nyimbo mbili, santuri yote haina maneno yenye maana. Nusrat aliimba zile silabi ambazo mafundi wa Bara Hindi hutumia kujifunzia noti, mfano wa mtu anayenoa sauti yake alfajiri kabla ya kazi. Alimwachia mgeni sauti, lakini maneno ya mawalii hakuyamwaga ovyo juu ya gitaa. Wimbo wenye jina la santuri ndio uliobeba kauli, nao unamsifu Lal Shahbaz Qalandar, walii aliyezikwa Sehwan katika jimbo la Sindh. Maana yake ni kulewa, si kwa kileo, bali kwa mapenzi ya Mola.

Baada ya kurekodi, Brook alibaki na kanda akizikata na kuziunganisha, kama ilivyo desturi ya studio za huko. Kwake yeye zile zilikuwa sauti nzuri za kupangwa upya. Nusrat aliposikilizishwa alikataa baadhi ya vipande. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya sentensi, na maneno yaliyobaki hayakuwa na maana tena. Hata mahali palipokuwa na silabi tupu, alionyesha kwamba fungu la noti limekatizwa kabla ya kufika mwisho wake. Ilibidi wapatane: baadhi ya mikato ikafutwa, hata kama ilikuwa mizuri kwa sikio la Mzungu, na maneno yakarejeshwa.

Kisa hiki ni kidogo, lakini chatueleza mtu alivyokuwa. Gitaa alilikubali. Kufupisha alikubali. Kutangulia peke yake bila kundi la ukoo alikubali. Lakini kauli haikuwa mali yake ya kugawa, naye hapo alisimama.

Hata hivyo lawama hazikukosekana. Kundi la Massive Attack la Bristol liliugeuza wimbo wa Mustt Mustt ukachezwa katika majumba ya dansi ya Uingereza. Nyumbani wapo waliosema kwamba ameyatoa mambo ya ziara akayapeleka penye ulevi, na neno lao halikuwa jepesi. Mtu anayejua adabu za hauli hawezi kulipuuza. Kwa upande mwingine, wako vijana waliozaliwa Ulaya, wasiojua ziara wala hauli, ambao jina la Qalandar walilisikia kwanza kwa njia hiyo. Nusrat mwenyewe aliendelea kupita njia zote mbili. Alifanya santuri ya pili na Brook, Night Song, mwaka wa 1996, na wakati huohuo hakuacha kuketi kitako na jamaa zake kuimba kawali ndefu za wazee.

AMANA

Mwili haukuweza kuhimili safari na mikesha hiyo. Tarehe 16 Agosti, 1997, Nusrat Fateh Ali Khan alifariki mjini London, ambako figo na ini vilikuwa vimemlemea. Alikuwa na umri wa miaka 48. Maiti yake ilirudishwa Faisalabad, ikazikwa katika mji aliozaliwa. Mpwawe Rahat, mwana wa Farrukh, ambaye alikuwa akimwitikia tangu utotoni, ndiye aliyeipokea kazi.

Mwaka wa 2024 kampuni ya Real World ilitoa santuri iitwayo Chain of Light. Ilitokana na kanda zilizokuwa zimesahauliwa ghalani, zilizorekodiwa mwaka wa 1990 katika studio zilezile za Box. Ndani yake mna kawali nne, zimeimbwa kwa desturi ya ukoo, pamoja na Farrukh na waitikiaji wote, bila gitaa wala mtambo.

Basi mwaka uleule watu walipokuwa wakibishana kama ameitupa amana ya wazee wake, ushahidi wa kinyume chake ulikuwa umehifadhiwa katika nyumba ileile, na ukakaa gizani miaka 34 kabla ya kusikiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe alipokosea, na amlipe kheri kwa kila kauli njema aliyoifikisha.