Kura moja ilivyomng'oa Gavana Edward Everett

Kuna watu husema kura moja haibadilishi kitu. Edward Everett angekuwa hai, angewabishia.

Jamaa huyu alizaliwa mwaka 1794 huko Dorchester, Massachusetts, nchini Marekani. Kichwa chake kilikuwa moto: alihitimu Harvard akiwa na miaka 17 tu, na mwaka 1817 akawa Mmarekani wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani.

Alikaa bungeni Washington miaka 10, kisha mwaka 1836 akaingia kwenye ugavana wa Massachusetts. Enzi hizo uchaguzi ulikuwa kila mwaka, naye akashinda mara 4 mfululizo.

Kilichomponza ni pombe. Mwaka 1838 alisaini sheria iliyokataza kuuza pombe kali chini ya galoni 15 kwa mara moja, yaani karibu lita 57. Tajiri alinunua pipa zima akanywea kwake. Mlalahoi aliyezoea glasi moja akabaki anameza mate. Watu wakanuna.

Uchaguzi wa 1839 ukafika. Mpinzani alikuwa Jaji Marcus Morton, ambaye alikuwa ameshagombea na kushindwa mwaka baada ya mwaka. Sheria ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Zilipigwa 102,066. Morton akapata 51,034.

Piga hesabu: nusu ni 51,033. Kura moja tu ya Morton ingeenda kwa mwingine, uamuzi ungehamia bunge la jimbo, na huko wenye wingi walikuwa Whig, chama cha Everett mwenyewe!

Wenzake walimtaka apinge matokeo. Akakataa. Akamwachia Morton kiti, yakaisha.

Na maisha yakaendelea. Akawa balozi Uingereza, mkuu wa Harvard, kisha waziri wa mambo ya nje. Tarehe 19 Novemba 1863, kule Gettysburg, alihutubia saa 2. Baada yake Rais Abraham Lincoln akazungumza dakika kama 2 hivi, na hotuba hiyo fupi ndiyo dunia inayoikumbuka. Everett hakununa. Kesho yake alimwandikia Lincoln barua ya kumpongeza.

Alifariki Januari 15, 1865. Kushindwa alikujua, na kukubali pia.