William Seymour: Mpole Aliyefungiwa Mlango

Maandiko: Mathayo 5:5, Wagalatia 5:22–23

Jumapili iliyopita tuliendelea na somo la tunda la Roho, tukafika kwa upole. Hili ni tunda ambalo wengi wetu hatuliombei. Tunaomba nguvu, tunaomba upako, tunaomba milango ifunguke. Upole tunauachia wale wasioweza kujitetea. Hebu basi tuangalie maisha ya mtu ambaye sisi Wapentekoste tuna deni kwake, William Joseph Seymour.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, jimbo la Louisiana, Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alipokuwa kijana alienda kaskazini, akafanya kazi ya kuhudumia watu mezani huko Indianapolis. Baadaye aliugua ndui. Alipona, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena.

Huko Houston, Texas, mwalimu Mzungu aliyeitwa Charles Parham alikuwa na shule ya Biblia, akifundisha ubatizo wa Roho Mtakatifu. Seymour alitaka sana kusoma, lakini Texas ya wakati huo mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi darasani na Wazungu. Kwa hivyo aliketi nje, mlango ukaachwa wazi, akasikiliza kutoka huko. Fikiria, mpendwa. Mtu mzima wa miaka 35, tena mhubiri, ameketi nje ya darasa kama mtoto aliyekosa. Wengi wetu tungesema potelea mbali, tukaenda zetu. Yeye alivumilia kwa sababu alikuwa na njaa ya Neno.

Mwaka wa 1906 alialikwa Los Angeles na kanisa dogo lililoongozwa na mama Julia Hutchins. Alihubiri juu ya kunena kwa lugha. Aliporudi kwa ibada nyingine, akakuta mlango una kufuli! Yuko ugenini, na waliomwita ndio wamemfungia. Hakuvunja kufuli wala kugombania mimbari. Alianza maombi na watu wachache waliomkaribisha nyumbani. Tarehe 9 Aprili Roho Mtakatifu akashuka juu yao. Punde umati ukawa mkubwa, wakakusanyika katika nyumba ya Mtaa wa Bonnie Brae hadi baraza lake likaporomoka.

Wakahamia nambari 312, Mtaa wa Azusa, katika jengo kuukuu la kanisa lililokuwa limegeuzwa ghala na zizi. Mimbari yake ilikuwa masanduku mawili ya mbao, na mara nyingi Seymour aliingiza kichwa humo akiomba huku ibada ikiendelea. Weusi, Wazungu, Wameksiko, matajiri na wafua nguo walipiga magoti pamoja, jambo ambalo lilikuwa nadra Marekani siku zile. Na yule mama Hutchins? Kumbe naye alikuja Azusa, akajazwa Roho, akaenda Liberia kama mmishonari. Je, angekuja kama Seymour angemtangazia vita?

Oktoba mwaka huo Parham alikuja kutembea. Alipoona weusi na weupe wakiabudu pamoja alichukizwa, akakemea ibada hadharani, kisha akaanzisha mikutano yake mjini humo humo. Gazeti la Azusa lilieleza tu kwamba Parham siye kiongozi wa kazi ile, na kwamba mwenye kazi ni Bwana.

Lakini upole wake haukuwa woga. Mwaka wa 1911 mhubiri William Durham alifundisha pale Azusa, Seymour akiwa safarini, mambo yaliyopinga mafundisho ya kanisa hilo juu ya utakaso. Seymour aliporudi, Durham alifungiwa mlango. Mpole anaweza kusema hapana.

Tusifiche gharama yake. Watu wengi walimfuata Durham. Kabla ya hapo gazeti lilikuwa limehamia Portland pamoja na orodha ya wasomaji, Seymour akabaki bila njia ya kuwafikia. Alipofariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Septemba 1922, kundi lake lilikuwa dogo. Kwa hesabu ya wanadamu alikuwa ameshindwa. Lakini leo makanisa ya Kipentekoste yako kila bara, na mengi, hata hapa Kenya, yana mizizi inayopitia kwenye lile zizi. Yesu alisema wapole watairithi nchi. Hakusema watairithi kabla ya kufa.

Tujifunze nini?

1. Upole ni nguvu iliyotiwa lijamu. Kujibu tusi hakuhitaji Roho Mtakatifu. Kunyamaza na kuendelea na kazi kunamhitaji.

2. Anayekufungia mlango leo anaweza kuwa ndugu yako kesho. Usimchome kwa maneno ambayo hutaweza kuyarudisha.

3. Upole haufuti ukweli. Mzazi mpole bado anamrudi mtoto. Mzee wa kanisa aliye mpole bado analinda mafundisho.

Makanisa mangapi yamegawanyika kwa sababu ya kiti, kwaya au ujumbe mmoja wa simu ulioandikwa kwa hasira? Wiki hii, kabla hujamjibu aliyekuumiza, ingiza kichwa chako kwenye maombi kwanza.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliye mpole na mnyenyekevu wa moyo, tufundishe kuwa na nguvu bila kuumiza wengine. Amina.