Mwanga, mfalme aliyekimbilia kwa wale aliowatesa

Kila tarehe 3 mwezi wa sita, wakatoliki wa Beni na Butembo wanakumbuka Mashahidi wa Uganda. Jina la Karoli Lwanga tunalijua. Lakini Mwanga, mfalme wa Buganda aliyeamuru auawe, yeye alimaliza namna gani?

Mwanga alirithi kiti cha baba yake Mutesa mwaka 1884, akiwa bado kijana. Mwaka 1886 akaagiza wakristo wachomwe moto pale Namugongo. Mwaka 1888, mwezi wa kenda, akataka kumaliza wakristo na waislamu wenye bunduki pamoja: awapeleke kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, awaache kule wafe njaa. Habari ikatoka. Wakakataa kupanda mitumbwi, wakamwangusha, wakamweka ndugu yake Kiwewa.

Mwanga akakimbia kwa mtumbwi na watu wachache mpaka Magu, kusini ya ziwa, inchi ambayo leo ni Tanzania. Waarabu wafanyabiashara wakampokea, lakini akakaa kwao kama mfungwa. Akatoroka tena. Kwenda wapi? Bukumbi, karibu na Mwanza, kwa Mapadri Weupe, wenye dini ile ile aliyokuwa anachomea watu. Wakamfungulia mlango.

Nyuma kule Buganda, waislamu wakafukuza wakristo, kisha wakamtoa Kiwewa na kumweka Kalema. Wakristo, sasa wakimbizi Ankole, walihitaji mfalme wa kupigania. Wakamwita yule yule Mwanga! Mwaka 1889 akarudi kwa mashua ya Charles Stokes, muuza bunduki kutoka Ireland. Ni huyu Stokes ambaye afisa mbelgiji alimnyonga huku mashariki ya Congo mwaka 1895.

Vita ikaendelea, Mwanga akarudia kiti chake. Lakini wenye bunduki ndio waligawana vyeo. Mwaka 1892 wakatoliki na waprotestanti wakapigana wao kwa wao. Lugard, kapteni mwingereza, akasaidia waprotestanti kwa bunduki za Maxim, na mfalme akakimbia mara ya pili. Mwaka 1897 akaasi waingereza, akashindwa. Mwaka 1899 wakamkamata pamoja na Kabalega wa Bunyoro.

Mwanga alikufa mwaka 1903 uhamishoni Seychelles, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieli. Mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa Kasubi, ukazikwa alipo baba yake.