Sheikh Ramiya wa Bagamoyo na Subira Yake Katika Dini

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu wa Mbugangari, yafaa katika kijitabu hiki tumkumbuke mtu ambaye asili yake si mbali na kwetu, kwani alitoka Manyema, magharibi ya ziwa letu la Kivu, kisha akawa taa ya dini huko pwani. Naye ni marehemu Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya.

Alizaliwa katika karne ya 19, zama ambazo misafara ya pembe za ndovu ilitoka Manyema, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora hata kufika Bagamoyo. Akiwa mtoto alichukuliwa utumwani kwa njia hiyo, akawa katika milki ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu mwenye cheo, aliyepata kuwa liwali wa mji. Mtoto huyo hakuwa na mzazi wa kumtetea wala ukoo wa kutajia, na pwani siku zile asiye na nasaba hakuwa na kauli.

Hata hivyo alishika chuo. Alisoma Kurani, kisha akakaa mbele ya masheikh miaka mingi akitafuta elimu, huku akijipatia riziki kwa jasho lake. Alipokuwa huru alifungua darasa lake, na mlango wake haukufungwa kwa wanyonge waliopita njia ile ile aliyoipita yeye.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alipewa ijaza ya tarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Uwais wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa waenezaji wake wakubwa. Bagamoyo ikawa kituo cha zikri na maulidi, na wafuasi wakaongezeka. Chini ya Waingereza alipewa uliwali, kiti kile kile alichokikalia bwana wake wa zamani. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Sheikh alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akaishika kazi yake.

Ndugu zangu, wazee wetu wa Rwanda nao, zama za Wabelgiji, walitengwa katika mitaa ya Waswahili, na watoto wao wengi wakakosa elimu, kwani shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wao pia walisubiri, na dini hawakuiacha. Lakini tuzingatie kwamba Sheikh Ramiya alisubiri huku akisoma, na alipopata elimu hakuwanyima wengine.

Basi aingiapo katika madrasa zetu mtoto mgeni asiye na jamaa, tusimwulize ukoo wake kabla ya kumpa mahali pa kukaa. Jina Abdallah maana yake ni mja wa Mwenyezi Mungu, na nasaba hiyo yatutosha sote.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atujaalie subira yenye manufaa. Amin.